Wakwe Hawalali Chini ya Gari Moja

Mafuta niliyaona kabla sijaona kitu kingine chochote. Ilikuwa asubuhi ya tatu au ya nne baada ya mazishi ya mke wangu. Watu wa matanga wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao, na viti vya plastiki vilipangwa kimoja juu ya kingine ukutani. Nilitoka nje na kikombe cha chai ambacho sikumbuki nani alinipa. Chini ya gari langu la zamani, juu ya saruji niliyoimwaga kwa mikono yangu, kulikuwa na doa jeusi, pana kama sinia. Nikaliangalia mpaka chai ikapoa. Msibani sikulia, watu waliona, na wengine walisema. Lakini mbele ya lile doa nilijiambia: basi, hiki ni kitu ninachoweza kukitengeneza.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana sipendi kusomwa na mtu asiyenijua. Shule nilifika mwaka wa nne wa msingi, nikaacha. Nilianza na baiskeli ya makaa, nikiisukuma kutoka porini hadi mji wa Likasi na magunia manne; wenzangu walibeba matatu. Leo nina malori, nina depo ya saruji na mabati, nina nyumba hapa mtaa wa Panda kwenye barabara ambayo zamani walikaa wakubwa wa kampuni ya shaba tu. Nikipita watu wanasema "Boss", nami sikatai, maana ni kweli. Na gari hilo nililinunua likiwa mifupa. Ni la Kijerumani, la dizeli, la rangi ya maziwa, limenizidi umri. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Siku hizi mainjinia wa migodini wakiniona wanasimamisha magari yao mapya na kulipiga picha. Sikusaidiwa na mtu.

Hapana, hapo nimesema uongo. Kwa gari nilisaidiwa. Alinisaidia baba mkwe wangu.

Mzee alikuwa fundi wa karakana ya kampuni ya shaba mpaka alipostaafu. Anaweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini sikioni, anakuambia ni chuma gani kinachoumwa. Mimi mwenyewe ni fundi, nisijidharau, lakini yeye ni mwingine. Shida ilikuwa buko. Watu wa mke wangu wanaita ukwe hivyo, buko, na mkwe ni muko. Likasi ya leo wakwe wengi wanakunywa bia kwenye meza moja, hakuna anayewauliza. Mzee huyu hapana. Anakwenda misa kila siku, anasoma gazeti la Kifaransa, lakini buko yake ilikuwa ngumu kuliko amri za kanisa. Muko hali naye sahani moja. Hamtanii. Hamwambii neno moja kwa moja, lazima awepo mtu wa kulibeba. Na zaidi ya yote, hawalali mahali pamoja, si kwenye mkeka mmoja, wala ubavu kwa ubavu juu ya ardhi. Wakilala hivyo buko imekufa, na hakuna mbuzi wa kuifufua. Wanakuwa watu wawili waliokutana tu.

Sasa tengeneza gari kwa sheria hiyo!

Tulilitengeneza. Mzee alikuwa chini, mimi juu nimeinamia injini, na mke wangu alisimama kati yetu kubeba maneno, ingawa kutoka mdomo wangu hadi sikio la baba yake hapakuwa na urefu wa mkono.

"Mama," mzee alimwita binti yake hivyo siku zote, "ambia bwana yako anipatie kle ya treize." Spana ya kumi na tatu.

"Papa anasema umupatie kle ya treize."

"Mwambie hii hapa."

"Papa, anasema hii hapa."

Nilikuwa nimempa ya kumi na nne. Sauti ikatoka chini: "Mwambie hii iko ya quatorze. Kama hajue kusoma namba, asikie na kidole."

Mke wangu akanigeukia, akauma mdomo ili asicheke. "Papa anasema asante, lakini anapenda ingine."

Ndivyo alivyokuwa anabeba. Matusi yaliondoka kwa mmoja yakiwa mawe, yakafika kwa mwingine yakiwa unga. Na palipohitajika watu wawili kule chini, aliyelala na mzee alikuwa yeye, kwa sababu mtoto na baba yake hakuna sheria. Alijifunga kitambaa kichwani, akajilaza juu ya kartoni, mimi nikaona miguu yake tu. Siku ya kulijaribu gari tulikwenda mpaka Mwadingusha kuangalia bwawa. Mzee alikaa nyuma, mke wangu mbele pembeni yangu, shingo amegeuza njia nzima kama mtu anayeangalia mpira, mara huku, mara kule. Mzee alisema naendesha kama mwizi. Neno lilinifikia likiwa: barabara ni mbaya.

Mtoto hatukupata.

Mke wangu alikufa wakati wa mvua, ugonjwa wa siku tano, hospitalini, saa tisa ya mchana. Chumbani nilikuwepo mimi peke yangu. Baba yake alikuwa nje kwenye benchi, kwa sababu mimi nilikuwa ndani na hapakuwa na wa kubeba maneno.

Kabla wiki haijaisha, dada mkubwa wa mke wangu akaja nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Papa anauliza," akasema. "Anauliza mutoto wake alikwenda namna gani."

"Mwambie alikwenda muzuri."

"Paka ile? Ile tu?"

"Paka ile."

Alingoja. Mimi nilikuwa naangalia kitasa cha mlango, bulo moja, yaani bolti, lilikuwa limelegea. Akaenda. Wiki iliyofuata akarudi na swali lile lile, nikamjibu maneno yale yale. Aliniambia, "Shemeji, muzee halale." Nikasema nimesikia.

Halafu akaja mjomba wao, msemaji wa ukoo, mtu wa tumbo kubwa na adabu nyingi. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi wataondoa matanga. Nitakaa katikati, watanipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na nitakuwa huru. Sina deni kwao, nao hawana kwangu, kila mtu na njia yake. Au, akasema akiangalia kofia yake, kama napenda buko iendelee, kuna binti wa mdogo wake, mtoto mzuri, anajua kupika.

Nikamwambia binti simtaki. Pemba nayo siitaki. Nataka kubaki muko.

"Muko wa nani?" akauliza. "Muke hayuko, mutoto hayuko. Buko itasimama juu ya nini?"

Nikamsindikiza mpaka getini. Mimi ambaye nimewashinda watu wa forodha kwa maneno. Nilijua tu kwamba mke wangu amekwisha, na kilichobaki chake ni watu wake, na wakinipaka ule udongo nitakuwa mpita njia mbele ya mlango wao.

Basi nikarudi kwenye mafuta. Kila siku doa lilikua. Niliosha injini yote kwa sabuni na mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Nikachukua unga wa mahindi jikoni, ule ule wa bukari, ugali wetu, nikaunyunyiza juu ya injini yote, nikaiwasha, nione unga unalowa wapi kwanza. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, sikufundishwa. Unga ukalowa kila mahali. Nikasema ni joint ya juu, kile kipande cha kuziba mahali vyuma viwili vinapokutana. Nikakata mpya mwenyewe: unaweka karatasi ngumu juu ya chuma, unagonga ukingo taratibu kwa nyundo ndogo, karatasi inajikata kwa umbo lake. Hakuna mtu Likasi anayekata joint safi kama mimi. Nikafunga, nikawasha, mafuta yakazidi. Nikakata nyingine. Yakazidi. Depo sikwenda. Wafanyakazi walikuja kuuliza mambo ya saruji, nikawajibu nikiwa nimeinama. Nilikula nilipopewa. Sikuwa na huzuni ya kusema hii ni huzuni. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini hauuhisi.

Mara ya tatu iliposhindikana nikamtuma shemeji: amwambie Papa gari inavuja na mimi nimeshindwa. Kusema "nimeshindwa" sikuzoea. Lilitoka tu.

Mzee akaja asubuhi iliyofuata, kwa miguu, na mfuko wake wa vyombo, shemeji akimfuata. Nikafurahi kwa akili kwamba shemeji yupo, atabeba maneno. Lakini mzee alipofika getini alimgeukia.

"Mama, enda ku soko."

"Papa, na maneno nani atabeba?"

"Enda ku soko, nakuambia."

Akaenda. Tukabaki wawili na gari. Mzee alifungua kapo, kifuniko cha injini, mwenyewe, akaangalia injini ilivyokuwa nyeupe na matope ya unga na mafuta. Akaweka kiganja juu ya chuma na kuongea na injini.

"Weye motere," akasema, "nani alikupikia bukari ku kichwa?"

Nikaelewa. Nami nikaiangalia injini. "Motere, mwambie muzee ni miye. Nilikuwa natafuta njia ya mafuta."

"Motere, mwambie mafuta inashuka, haipande. Muntu anaanzia yulu."

"Motere, mwambie nilianzia yulu. Nilibadilisha joint ya juu mara tatu."

"Motere, joint haina kosa." Vidole vyake vilikuwa vinatembea polepole juu ya kifuniko, vikasimama pembeni, penye mdomo mdogo wa bomba. Akavuta. Kikatoka kitu cheusi, kimelowa. Alikipangusa kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga. Gunzi la mahindi.

"Ayo!" akasema. "Motere, nani alikuziba pua?"

Nchi hii yote tunaziba kwa gunzi. Bidoni ya mafuta ya mawese, ya mafuta ya taa, ya pombe, kifuniko kikipotea unatafuta gunzi, linakaa kama limezaliwa pale. Lakini injini inapumua. Ukiiziba pua, pumzi inatafuta pengine, inasukuma mafuta kwenye kila ufa, na hata ukate joint mia zitatoka. Mtu yeyote wa karakana anajua. Mimi ninajua. Nina malori.

"Motere, pole sana," mzee akasema. "Ulitunzwa na tajiri."

Ndipo nikakumbuka. Sikuwa nimelificha, nilikuwa nimelisahau kabisa, kama siku ile yote.

"Motere," nikasema, "mwambie muzee ilikuwa siku ya kumupeleka hospitali. Ule mupira wa bomba ulipasuka, moshi ikaingia ndani, akaanza kukohoa. Nikasimama barabarani. Nikaokota ile gunzi, nikaziba. Moshi ikaisha. Akasema asante."

Mzee alilishika lile gunzi, kisha akalitia mfukoni mwa koti lake, sijui kwa nini. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari, akaangalia.

Pumzi iliyozuiwa ilikuwa imekwisha kuharibu. Chini, karteri, lile bakuli la chuma linaloshika mafuta, joint yake ilikuwa imesukumwa nje upande wa nyuma, inaning'inia kama ulimi. Lazima kushusha karteri na kuweka joint nyingine. Kushusha si kitu, nilishusha peke yangu kwa kriki, yaani jeki, na ubao, mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki akikata joint mpya ya gome laini kwa wembe. Nikiri, alikata safi kuliko mimi. Lakini kupandisha ni mambo mengine. Karteri ya gari hilo ni nzito na ndefu. Ukiipandisha kwa kriki inalala upande, joint inateleza, umeharibu. Inataka mmoja aishike sawa kwa mikono miwili, mwingine aingize mabulo. Wote wawili chali, bega kwa bega. Mahali pale palikuwa pa mke wangu.

"Motere," nikasema, "mwambie muzee nakwenda kuita muntu ku karakana ya barabarani. Pale kuko bafundi mingi."

"Motere, mwambie hapana."

"Mwambie ni dakika mbili tu."

"Motere, mwambie nimesema hapana."

Alitandika kartoni, akavua koti, akajilaza chali taratibu kama wazee wanavyolala, mkono mmoja kwanza, akajisogeza mpaka kichwa na kifua vikapotea chini ya gari. Halafu mkono wake ukatoka, ukavuta kartoni ya pili, ukaiweka pembeni yake.

"Lala," akasema.

Hakusema motere. Katika miaka yote ya ndoa yangu, hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi.

Nilibaki nimesimama. Barabarani alipita mtu wa baiskeli, akanisalimia "Boss", sikuitika.

"Papa," nikasema, "tukilala, buko imekufa."

"Unanifundisha miye buko?"

"Nilimwambia mjomba sitaki pemba. Miye nataka kubaki muko yenu."

"Najua. Alinielezea." Sauti yake ilitoka chini ya chuma, kavu. "Siku ya mposho, Jumamosi, watakupaka, utake usitake. Utakwenda. Na utakwenda nayo yote mu kinywa, ile miye natafuta. Mara mbili nimetuma mutoto, mara mbili unanirudishia neno moja. Muko hawezi kuambia muko vile mutoto wake alikufa. Muntu anaweza kuambia muntu. Lala, karteri iko nzito."

Nikafikiri kidogo, kama mtu anavyofikiri akiwa amechoka. Nilichokitaka nilikijua, alichokitaka nilikijua, na viwili hivyo havingeweza kupita mlango mmoja. Yeye alikuwa amelala tayari. Nikavua saa yangu, nikaiweka juu ya tairi, nikalala.

Bega lake lilikuwa gumu na la moto. Lilinuka sabuni. Tukainua karteri pamoja, nikaishika sawa kwa mikono miwili. Yeye aliingiza bulo la kwanza kwa vidole, akalizungusha, akaingiza la pili upande wa pili, kwa msalaba, inavyotakiwa.

"Sasa sema," akasema. "Na usiniambie tena muzuri."

"Haikukuwa muzuri."

"Aliumwa?"

"Njo. Sana. Siku mbili. Alikuwa anashika chuma ya kitanda."

Bulo lingine. "Alilia?"

"Hapana. Alitukana munganga."

"Ah." Nilisikia pumzi yake ikitoka puani, fupi, karibu na kicheko. "Halafu?"

"Halafu siku ya mwisho maumivu ikapungua. Asubuhi alikunywa uji kidogo. Aliuliza kama ulikula. Nikamwambia uko inje ku benchi, shemeji amekuletea chakula. Mchana akasinzia. Saa tisa akafungua macho, akaniangalia, akasema 'Mwambie'."

"Mwambie nani?"

"Hakusema."

"Mwambie nini?"

"Papa, hakumaliza. Alisema 'mwambie', basi, akaacha kupumua. Sijui ilikuwa yako ao ilikuwa ya nani. Nitatuma namna gani neno yenye haina mwisho? Njo maana nilisema alikwenda muzuri."

Mafuta kidogo yaliyobaki yalidondoka juu ya shavu langu, sikuweza kupangusa kwa sababu mikono ilikuwa juu. Mzee alikuwa ameacha kuzungusha. Nilisikia tumbo lake likipanda na kushuka pembeni yangu, mara nyingi, bila sauti. Nikangoja nihisi kitu. Nilihisi mikono ikiuma, hicho tu.

"Shika sawa," akasema mwishoni. "Imelala ku kushoto."

Nikaisawazisha. Mabulo yaliyobaki tuliyaingiza moja moja, tukayakaza kwa zamu. Kila aliponihitaji aliniambia mwenyewe: weye, leta kle, weye, sukuma. Tulipotoka jua lilikuwa kichwani. Akaweka mpira mpya kwenye pua ya injini, tukamwaga mafuta, tukawasha, tukaiacha iungurume muda mrefu. Gari halikuvuja. Mpaka leo halivuji, na atakayesema linavuja aje tuangalie pamoja. Mzee akanawa mikono kwa unga wa sabuni, akavaa koti, akaenda zake. Hakuniaga kwa neno la buko, na mimi sikumuaga hivyo.

Jumamosi nilikwenda nimevaa suti. Walikuwa wamejaa uani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, mkeka katikati na kisahani cha pemba juu yake. Mjomba alisimama, akatoa shukrani nyingi, akaokota kisahani, akanionyesha mkeka. Kabla sijakaa, mzee akainuka kwenye kiti chake.

"Acheni ile udongo," akasema. "Hakuna muko ya kufungua hapa. Nililala naye chini ya motere yake."

Mwanamke mmoja mzee akapiga makofi mara moja, ya mshangao. Mjomba alitazama kisahani mkononi mwake kama mtu aliyebeba chakula nyumba isiyo na mgeni.

"Ulilala naye? Weye?"

"Njo."

"Sababu gani?"

"Nilikuwa na swali."

Mjomba akafikiri. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu, najua, hata mimi ningekasirika. "Basi huyu sasa ni nani kwetu?"

"Ni muntu," mzee akasema. "Amefika saa ya kula. Mumupatie nafasi."

Wakasogea. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa mbele ya mzee, kwenye sahani yake, na hakuna aliyeweza kusema hapana, kwa maana hakuna sheria iliyobaki ya kunikataza. Shemeji alileta maji tunawe. Nilikaa. Ilikuwa bukari na samaki wa mto Lufira kwa nyanya. Nikamega, yeye akamega, vidole vyetu vikakutana kwenye mchuzi, akasogeza kichwa cha samaki upande wangu bila kuniangalia. Ladha sikuisikia. Nilikula hadi mwisho, maana yeye alikuwa anakula.